Wavu wa kuku hauzuii kicheche: jibu kwa mkuu anayejenga banda Mabwepande

Mkuu, usikate hilo roli la wavu. Kama bado lina lebo, lirudishe dukani kesho asubuhi.

Umesema uko Mabwepande, nyumba za mwisho upande wa Pori la Akiba la Pande. Banda la futi 10 kwa 8, nguzo za mbao, sakafu ya udongo, wavu wa kuku wa matundu ya inchi moja kuanzia chini hadi juu, na Jumamosi unaleta vifaranga 100 wa chotara. Umeuliza joto, chakula na chanjo, halafu mwishoni ukatupia kwamba "nadhani wavu huu unatosha". Hapo pa mwisho ndipo penye balaa. Mimi nilijenga hivyo hivyo, nikazika vifaranga 61 kwa usiku mmoja.

Wavu wa kuku kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Kumzuia mnyama asiingie hauwezi. Ushike mkononi uuangalie: ni waya mwembamba uliosokotwa tu, haukuchomelewa popote. Waya mmoja ukikatika, msokoto unafunguka na tundu jirani linafuata. Kutu inaanzia kwenye msokoto, maana ndipo maji yanapokaa, na mvuke wa mbolea ya kuku unaila haraka kuliko unavyodhani. Huku kwetu kwenye hewa ya chumvi, sehemu iliyogusa maranda inaanza kuvunjika kwa vidole mapema mno.

Tatizo la pili ni lile tundu. Kicheche na nguchiro mdogo wana mwili laini na mrefu. Palipopita kichwa, kiwiliwili kinafuata. Kwenye inchi moja mkubwa anaweza kukwama, lakini wavu unatanuka akisukuma, na hata asipoingia hana shida. Usiku vifaranga hurundikana pembeni, wameegemea wavu. Kanu (mnyama mla nyama mwenye madoa, mfano wa paka) au kicheche anaingiza mkono, anakamata mguu au shingo, anavuta. Asubuhi unakuta vifaranga wamelala kando ya wavu hawana vichwa, banda zima halina tundu hata moja, na mtaa unaanza kutaja wachawi. Hakuna mchawi. Chunguza wavu kwa karibu utaona manyoya membamba yamenasa kwenye waya.

Akifanikiwa kuingia ndani ndiyo basi. Kicheche hali akashiba akaondoka. Kila kinachorukaruka mbele yake anakiuma shingoni, na vifaranga waliofungiwa hawana pa kukimbilia. Utakuta wamejaa chini, walioliwa ni wawili watatu, na harufu kali inayokaa bandani siku kadhaa.

Sasa huyo muuza vifaa aliyekwambia "hata wenye mabanda makubwa wanatumia huo huo", ndiyo kauli niliyopewa mimi pia, na fundi akaitikia kwa kichwa. Inaniuma hadi leo kwa sababu ni nusu ya ukweli. Wenye mabanda makubwa wana msingi wa zege, sakafu ya saruji, ukuta wa tofali kozi tatu au nne, na wavu uko juu kwa ajili ya hewa. Tena wana mlinzi wa usiku. Wewe wavu wako ndio ukuta, ndio msingi, ndio mlinzi. Mtu anayeuza wavu kila siku anajua tofauti hiyo, angeweza kukuuliza swali moja tu: sakafu yako ni ya nini?

Unachotaka ni wavu wa kuchomelewa wa matundu ya nusu inchi, geji 19 au nene zaidi. Kumbuka namba ya geji ikipanda waya unakuwa mwembamba, usije ukauziwa geji 23 ukaambiwa ni bora. Bei yake itakushtua. Ndiyo maana usizungushie banda lote. Chini, futi 2 za kwanza, ziba kabisa kwa bati au mbao, ndani kifaranga asionekane wala asifikiwe na mkono. Ukifanya hivyo umemaliza habari ya vichwa kuvutwa, na upepo wa chini haumpigi kifaranga. Juu ya hapo weka wavu.

Usiishie hapo, maana sakafu yako ni udongo. Mnyama anayechimba huanzia pale pale ukuta unapogusa ardhi, hajui kurudi nyuma futi moja akaanzia mbali. Kwa hiyo mwekee sketi. Chukua wavu ule ule wa nusu inchi wenye upana wa futi 3, upasue katikati kwa urefu upate vipande vya inchi 18. Kila kipande kunja kiwe kama herufi L: inchi 6 zipande ukutani kwa nje, inchi 12 zilale chini kuelekea nje. Kwangua nyasi kwanza wavu ukae sawa na ardhi, weka mawe, fukia kwa udongo kiasi cha vidole viwili. Nyasi zikiota zikapita kwenye matundu hautanyanyuka tena. Akija kuchimba anakuta waya chini ya kucha, anasogea, anakuta waya, anaacha. Banda la 10 kwa 8 lina mzunguko wa futi 36. Ukiongeza pembe nne na kupishana kwa vipande, mita 8 za roli zinatosha sketi yote. Kwenye pembe pishanisha angalau inchi 4 na ufunge kwa waya wa kufungia nondo, hapo ndipo watu wanaacha mwanya.

Kupigilia nako kuna ujinga wake. Msumari mdogo uliopindwa kichwa unang'oka nyegere akivuta mara moja. Tumia misumari ya U kila inchi 3, halafu juu ya ukingo wa wavu pigilia ubao mwembamba wa inchi moja ukimbie urefu wote. Hapo anayevuta anavuta ubao mzima. Mlango uwe na komeo mbili, juu na chini, kwa sababu mlango wa mbao wenye komeo moja katikati unapinda chini na kuacha mwanya. Chini ya mlango weka kizingiti cha mbao au tofali. Nafasi ya vidole viwili ni barabara ya panya buku, na panya buku anabeba kifaranga wa wiki moja mpaka shimoni kwake.

Juu napo. Kanu anapanda mti na kushuka paani kama paka. Bati lenye migongo likilala juu ya boriti linaacha vitundu mstari mzima. Viziba kwa vipande vya wavu, na tawi lolote linalogusa paa likate.

Siafu wao hawazuiwi na wavu wa aina yoyote. Mvua zikianza wanahama, wakipita bandani usiku asubuhi unakuta mifupa. Wiki za mwanzo, vifaranga wakae kwenye boksi la mbao lenye miguu minne, kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu, na boksi lisiguse ukuta. Kagua makopo kila jioni. Jani moja kavu likianguka ndani ni daraja.

Mchana wakishaanza kutoka, mwewe na kunguru watakuja. Nyavu kuukuu za uvuvi zilizotandazwa juu ya uwanja zinatosha, ila zikaze zisininginie.

Na tafadhali usitege sumu. Najua kuna atakayekushauri uweke dawa ya wadudu kwenye nyama. Atakayekula kwanza ni mbwa wa jirani, halafu bundi aliyeokota panya aliyelewa, na bundi ndiye anayekumalizia panya bure kila usiku. Kicheche mmoja akifa mwingine anahamia wiki ijayo, wavu wako ukiwa vile vile.

Ijumaa usiku, kabla ya vifaranga kufika, ingia bandani ujifungie, zima taa. Mwambie mtu azunguke nje taratibu na tochi, aimulike chini ya kuta, kwenye pembe, mlangoni, halafu kwenye ukingo wa paa. Kila unapoona mwanga unaopita mwanya wa kutosha kidole chako kidogo, weka alama kwa chaki. Alama zikiwepo hata tatu, mpigie muuzaji wa vifaranga umwombe akae nao siku chache zaidi, hata kwa kumlipa chakula.