Mti mkubwa haupunguzwi kwa kukatwa kilele

Fundi niliyemwita kuupunguza mti uliokuwa umelifunika paa la nyumba yangu alikata kilele chote akabakiza matagaa yaliyosimama kama nguzo, nami nikamlipa nikiamini kwamba kazi imekwisha. Haukupita muda mrefu kila nguzo ikatoa fungu la machipukizi yaliyorefuka kwa kasi, na kwa kuwa yalishikilia tabaka za nje tu za mbao, upepo mkali uliyang'oa kwa urahisi, huku vidonda vilivyoachwa wazi vikianza kuoza.

Anayetaka kupunguza kimo cha mti na akate kila tagaa refu pale linapotoa tawi la pembeni lenye unene usiopungua theluthi moja ya tagaa hilo, ili tawi hilo lichukue nafasi ya ncha iliyoondolewa. Tawi linaloondolewa zima hukatwa nje kidogo ya gome lililotuna kwenye shina lake. Uvimbe huo ni wa kuheshimiwa sana, kwa sababu ndimo mti unamojenga kinga dhidi ya uozo; ukiukata umeliumiza shina, na ukiacha kisiki kirefu umekaribisha kuvu. Mtafiti wa Marekani Alex Shigo, aliyepasua magogo mengi ili kuchunguza uozo, alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu, bali huzingira sehemu iliyoumia na kuota mbao mpya juu yake. Kwa hiyo sipaki tena rangi wala lami kwenye kidonda, kwani haizuii uozo na huweza kuhifadhi unyevu.

Tawi zito hukatwa mara tatu: kwanza kwa chini, kiasi cha sentimita 30 kutoka kwenye shina, kisha kwa juu, mbele kidogo ya hapo kuelekea ncha ya tawi, na mwisho kwenye uvimbe, la sivyo litaanguka likichuna gome la shina.

Matawi makavu huondolewa wakati wowote. Mabichi yasizidi robo ya majani yote kwa msimu mmoja, na kwa mti mzee yapungue zaidi, maana majani ndiyo jiko lake. Palipo na nyaya za umeme, au panapohitaji kupanda juu, nawasihi mwiteni mtaalamu, lakini kabla hajapanda mwulizeni atakata wapi hasa; akijibu kwamba atakata kilele, tafuteni mwingine.