Maswali Yenu: Salamu za mwisho kwa fundi aliyetufunza kazi

SWALI: Fundi cherehani aliyetufunza kazi sisi vijana sita amefariki. Wenzangu wamenichagua nisome salamu zetu siku ya mazishi. Nimeandika kurasa mbili, ila nikizisoma naona kama zinamhusu mtu yeyote yule. Nirekebishe wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole sana, wewe na wenzako. Kasoro umeshaiona mwenyewe. Mcheshi, mchapakazi, mwenye upendo: maneno haya husemwa katika kila msiba, na waombolezaji hawayasikii tena. Yafute, kisha jiulize mikono yake ilikuwa ikifanya nini. Kama alikuwa akiloweka kitenge usiku kucha na kukianika kabla ya kukikata, ili gauni lisije likanywea likifuliwa mara ya kwanza, liseme hilo. Kama alikufumulisha bega la shati mara 3 kwa sababu mkono ulikuwa unavuta nyuma, liseme pia, pamoja na neno alilokuambia ulipokuwa unafumua. Mambo 2 ya namna hiyo yanatosha. Wateja wake watakuwepo pale, na watamtambua papo hapo.

Tarehe ya kuzaliwa, shule, ndoa, watoto na ugonjwa ni vya wasifu wa marehemu, na wasifu husomwa na familia. Ukivirudia utawachosha watu, na ukikosea jina la mtoto mmoja utaumiza nyumba nzima. Chanzo cha kifo usikitaje kabisa bila ruhusa ya msemaji wa familia.

Muulize mwongozaji wa ratiba umepewa dakika ngapi. Ukisoma taratibu, kama inavyofaa msibani, maneno 300 huchukua kama dakika 3. Jipime kwa saa. Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kila ukurasa na namba yake. Usisomee kwenye simu: jua la mchana hufuta maandishi, kioo huzimika, na meseji huingia katikati ya sentensi. Sentensi unayojua itakutoa machozi usiiweke mwisho, iweke katikati, ili upate nafasi ya kutulia. Nakala ya pili mpe mwenzako asimame kando yako akifuatilia mstari kwa mstari. Sauti ikikatika, aendelee palepale ulipoishia.

Kama marehemu ni Mwislamu, maziko huharakishwa, mara nyingi siku ileile, na hotuba ndefu haina nafasi. Waulizeni wenye msiba kama salamu zenu zinaweza kusubiri hitima.

Rambirambi tieni kwenye bahasha pamoja na orodha ya waliochanga, mumkabidhi mtunza fedha wa kamati.

SWALI: Tuandike marehemu au hayati?

JIBU: Yote ni sahihi. Hayati limezoeleka zaidi kwa viongozi na watu mashuhuri, kama Hayati Mwalimu Nyerere. Marehemu ni la kila mtu. Litajeni mara moja mwanzoni, kisha mwiteni kwa jina mlilomwita kibandani.

SWALI: Ameacha daftari la vipimo vya wateja, na simu zetu zina sauti zake akituelekeza kukata. Tuvitunzeje?

JIBU: Daftari ni mali ya familia, hata kama mlilitumia wote. Mwombeni mjane au msimamizi wa mirathi ruhusa ya kutoa nakala. Pigeni picha kila ukurasa karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja, simu ikiwa sambamba na karatasi. Namba za kurasa ziandikwe kwa penseli. Palipochanika msibandike selotepu, gundi yake hugeuka njano na kuharibu karatasi. Daftari lenyewe lifungwe kwa kitambaa safi cha pamba, likae kabatini mbali na sakafu. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na ukungu huanzia hapo.

Sauti zinawahi kupotea kuliko karatasi, maana simu ikiibwa zimekwenda nazo. Hamisheni leo hii kila faili, muweke nakala sehemu 2 tofauti, mkizipa majina yanayoeleweka: tarehe, kisha somo, kwa mfano “kola” au “mfuko wa suruali”. Bila majina, baada ya mwaka hakuna atakayejua lipi liko wapi.

Hamkuuliza, lakini vipo pia vitambaa alivyokata akafariki kabla ya kuvishona. Wapigieni simu wenye vitambaa wiki hii, waamue kama mtamalizia au mtawarudishia, na malipo ya awali yaliyokwishapokelewa mwoneni msimamizi wa mirathi. Wakikubali mmalizie, msivikunje wala kuvipiga pasi kwanza. Chaki hufutika kwa kusuguliwa tu, na alama zile ni za mkono wake. Zipitieni zote kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi tofauti na kitambaa, ndipo muanze kushona.