Kwa Anayeanza Kazi na Geji ya Ioni Yenye Nanotyubu

Mdogo wangu, ukikabidhiwa geji ya ioni (kifaa cha kupima mgandamizo wa gesi ndani ya chemba ya ombwe) yenye kathodi, yaani chanzo cha elektroni, ya nanotyubu za kaboni, mirija midogo mno, ulizia kwanza: hesabu yake inagawanywa kwa mkondo upi? Mengine utayajua ukiwa kazini. Hili likikupita, utajaza daftari zima namba zisizo za kweli na hakuna atakayeshtuka.

Geji ya kawaida, ya umbo la Bayard na Alpert la mwaka 1950, hutoa elektroni kwenye waya uliopashwa moto. Elektroni zinavutwa na gridi, yaani wavu wa waya, yenye volti takriban 180, njiani zinagonga molekuli za gesi na kuzigeuza ioni, na ioni zinadakwa na waya mwembamba ulio katikati ya gridi. Gawa mkondo wa ioni kwa mkondo wa elektroni, kisha kwa usikivu wa geji (namba inayoonyesha ioni zinazozalishwa kwa kila kipimo cha mgandamizo), unapata mgandamizo. Ila waya wa tungsteni unataka joto la karibu nyuzi 2000. Unachemsha kuta za jirani, kuta zinatoa gesi, na geji inapima gesi iliyoizalisha yenyewe. Hewa ikiingia ghafla, waya umeungua. Nanotyubu hazitaki moto. Ncha zake ni nyembamba mno, hivyo geti, yaani elektrodi iliyo karibu nazo, likipewa volti mia chache linachomoa elektroni zikiwa baridi. Kwa chemba ndogo naona hakuna mbadala mzuri kuliko huu.

Sasa shida iko kwenye hilo geti. Si kila elektroni inayotoka kwenye kathodi inafika kwenye gridi; nyingine zinaishia getini. Tuseme kathodi inatoa mikroampea 100 na geti linanyang'anya 30. Zinazofanya kazi ni 70. Ukigawa kwa 100, mgandamizo unasomeka chini kwa asilimia 30. Kibaya zaidi, sehemu inayopotea haitulii. Ikipanda hadi nusu, geji itaonyesha ombwe limeimarika, nawe utafurahi, kumbe hakuna kilichobadilika ndani ya chemba. Pima mkondo kwenye gridi yenyewe, tena kwa wakati uleule unaposoma ioni, kwa sababu mkondo wa nanotyubu hutetereka molekuli za maji na gesi nyingine zinapotua kwenye ncha na kuondoka. Uwiano wa mikondo miwili utakulinda.

Ukitaka kuongeza mkondo, pandisha volti za geti, usiguse za kathodi. Nishati ya elektroni inapofika kwenye gridi inategemea tofauti ya volti kati ya gridi na kathodi. Ukishusha volti za kathodi, nishati hiyo inabadilika na usikivu unabadilika nayo. Pia volti za kathodi zibaki juu ya za waya wa ioni kwa volti kadhaa, la sivyo elektroni zitaufikia na kula mkondo unaoupima.

Mkondo wenyewe ni mdogo kweli. Geji ikiwa na usikivu wa 10 kwa milibari, na mikroampea 10 zikafika gridini, basi kwenye mgandamizo wa milibari 10⁻⁷ unapata pikoampea 10 tu. Alama ya kidole kwenye kihami, yaani kizuia umeme, inatosha kuvujisha kiasi hicho, hasa masika hapa Arusha unyevu unapozidi. Vaa glavu, futa kihami kwa pombe safi, na usiuguse waya unaopeleka mkondo huo kwenye kipimio wakati wa kusoma. Hata ukitikiswa unazalisha mkondo.

Geji ya diaframu, inayopima kwa utando unaosukumwa na gesi, ikikuonyesha karibu milibari 860 mlango wa chemba ukiwa wazi, ni nzima. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Usiilazimishe isome 1013, mgandamizo wa usawa wa bahari.

La umeme nalisisitiza kwa vijana wote. Mazoea ni kuweka kompyuta na vifaa vya kupimia kwenye betri ya akiba, huku pampu ikibaki kwenye umeme wa ukutani. Umeme ukikatika, pampu inazubaa, mgandamizo unapanda, na geti bado lina volti zake. Hapo ioni zinashambulia kathodi, au cheche inaruka na kuing'oa nanotyubu nzima. Kathodi baridi isiyo na volti huvumilia hewa vizuri; kinachoiua ni kufanya kazi ndani ya hewa. Kwa hiyo funga relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, kwenye laini ya pampu, pampu ikikosa umeme geti nalo lizimike papo hapo. Umeme ukirudi, subiri ombwe litulie, kisha pandisha volti hatua kwa hatua, ukiacha mkondo utulie kila hatua kabla ya kuendelea.

Kwenye daftari andika volti za geti kila siku kwa mkondo uleule wa gridi. Zikianza kupanda wiki hadi wiki, na ombwe ni safi, ncha zinaisha. Agiza kathodi nyingine mapema, kwa sababu mzigo kufika huku huchukua muda.