Shamba langu la Stardew Valley limebaki kwenye simu ya zamani, nifanyeje?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nacheza Stardew Valley, ule mchezo wa kilimo, kwenye simu ya Android, niliununua Play Store kwa hela yangu mwenyewe. Niko mwaka wa 4 kwenye mchezo, nimeolewa na Harvey, tuna watoto wawili, na chumba cha chini ya nyumba kimejaa mapipa ya mvinyo. Mwezi uliopita nimenunua simu mpya. Nimeingia kwa akaunti ileile ya Google, mchezo nikaupakua bila kulipa tena, lakini nikifungua hakuna shamba. Simu ya zamani bado inawaka, ila kioo kimepasuka na chaji haikai. Kijana mmoja wa duka la simu mtaani kwetu kaniambia niufute mchezo kwenye simu ya zamani kisha niupakue upya, ati ndipo "utasinki" na akaunti. Ikishindikana, anayo APK yake (faili la kusakinisha mchezo nje ya Play Store) yenye pesa zisizoisha, nitarudisha kila kitu ndani ya siku moja. Nianze na lipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, binti. Usianze na lolote kati ya hayo. Usiufute mchezo kwenye simu ya zamani. Usimwachie mtu simu hiyo "aiangalie", usikubali iflashiwe (iwekewe mfumo upya), usibonyeze palipoandikwa futa data. Ichomeke kwenye chaji, uiache hapo, kisha usome haya hadi mwisho. Shamba lako lipo, halijapotea. Litapotea siku utakayofuata ushauri uliopewa.

Swali hili naletewa kila mara, na karibu kila anayelileta ameshaambiwa maneno hayohayo: shamba liko kwenye akaunti, ingia tu litarudi. Halipo kwenye akaunti. Play Store inachokijua ni kwamba uliulipia mchezo, ndiyo maana haikukudai tena. Hiyo ni risiti, na risiti siyo mzigo. Mzigo wenyewe ni mafaili yaliyokaa ndani ya simu uliyokuwa ukichezea. Stardew Valley haihitaji intaneti kuchezwa, haina seva inayokutunzia mwaka wako wa 4, na kwenye Android haipeleki shamba popote kwa niaba yako. Anayeucheza kwenye kompyuta kupitia Steam ana hifadhi ya mtandaoni ya Steam, na nadhani hapo ndipo uvumi ulipoanzia. Mtu ameona kwa mwenzake mwenye kompyuta, akaja kuwafundisha wa simu.

Sasa tazama kufuta kunafanya nini. Kila programu ya Android ina folda lake la data, na simu ina kanuni moja: programu ikiondolewa, folda lake linaondoka nayo. Simu haikuulizi kama ndani mna shamba. Ukiupakua upya utaletewa mchezo mtupu, mhusika hana jina, na begi ni lile la siku ya kwanza. Kijana huyo hakudanganya kwa makusudi, pengine. Lakini anafanya kazi kwa kubahatisha juu ya mali isiyo yake, na likiharibika anakwambia "data zako zilikuwa na kirusi". Wateja wa namna hiyo nimewapokea wengi mno, na wengi wao niliwarudisha mikono mitupu.

Maana baada ya kufuta hakuna la kufanya. Najua kuna programu tele zinazojiita za kurudisha vilivyofutwa. Zifungue uone zinakuletea nini: vijipicha vya zamani na takataka za WhatsApp. Simu zilizotoka na Android 10 na kuendelea husimba mafaili kwa funguo. Faili likifutwa na ufunguo wake ukatupwa, kinachobaki kwenye kumbukumbu hakisomeki na mtu yeyote, awe fundi wa Kariakoo au wa ng'ambo. Anayekutoza hela ili "achimbe" shamba lililofutwa anakuibia, basi.

Tuje kwenye kazi. Tafuta kompyuta na waya wa USB unaopitisha data, siyo zile nyaya za bei rahisi zinazopitisha chaji tu. Na fanya leo, wakati kioo bado kinasikia kidole, kwa sababu bila kufungua simu na kuiruhusu ihamishe mafaili, kompyuta haitaona kitu.

Kabla ya kuchomeka waya, ingia shambani kwa mara ya mwisho kwenye simu ya zamani, ukiwa bado kwenye chaji, na umlaze mhusika wako. Mchezo huu husevu siku inapoisha: unalala, unaoneshwa hesabu ya mauzo, unaamka saa 12 asubuhi. Toleo la simu linashika pia mahali ulipoachia katikati ya siku, ili mtu anayepigiwa simu asipoteze alichofanya, lakini usitegemee kiraka hicho kwenye kuhama. Hamisha asubuhi ya siku mpya. Na chaji nimeisisitiza kwa sababu simu ikizimika wakati mchezo unaandika faili, ndipo faili linapoharibika.

Ukishaunganisha simu na kompyuta, chagua kuhamisha faili, kisha fuata njia hii: Android, halafu data, halafu com.chucklefish.stardewvalley, halafu files, halafu Saves. Jina hilo refu ni la kampuni iliyoshiriki kuuleta mchezo kwenye simu, usishangae. Kama uliuanza mchezo zamani sana na hukuwahi kuuapdeti, tafuta folda linaloitwa StardewValley kwenye kumbukumbu ya simu moja kwa moja.

Hapo wengi hukata tamaa mapema. Wanatumia programu ya mafaili iliyomo ndani ya simu yenyewe, wanaingia Android, data, wanakuta patupu, wanaamini shamba limefutika. Halijafutika. Kuanzia Android 11 simu inazificha folda hizo zisionwe na programu nyingine. Ndiyo maana nakuambia kompyuta. Zipo simu za karibuni zinazogoma hata kwa kompyuta. Hapo fundi anayejua kazi atatumia adb, programu ya kompyuta ya Google yenyewe inayotumia amri za kuandika, na kazi yake ni ya dakika chache. Muulize kabla: "Unaijua adb?" Akikujibu kwa kukuambia kuhusu kuflashi, chukua simu yako uondoke.

Ndani ya Saves utakuta folda lenye jina la mkulima wako, mstari wa chini, na tarakimu nyingi, tuseme Neema_318204477. Lifungue. Mna faili lenye jina hilohilo na tarakimu zilezile, na lingine linaitwa SaveGameInfo. Miaka yako yote minne ndiyo hiyo. Ukilifungua lile kubwa kwa programu ya kuandikia ya kompyuta utaona maandishi matupu yamebanana, na ukitafuta vizuri utakuta jina la kila kuku wako, kiasi cha pesa zako na mioyo, yaani alama za urafiki, uliyonayo kwa Harvey. Tazama, lakini usiguse herufi. Alama moja ikikosekana, mchezo unakataa kulisoma faili zima.

Nakili folda zima, siyo faili moja. Liweke kwenye kompyuta, kisha liweke pia kwenye flashi au kwenye hifadhi yako ya mtandaoni. Usibadilishe jina, maana jina la folda na la faili la ndani lazima vilingane.

Kwenye simu mpya, fungua mchezo, anzisha shamba lolote la kupita, ulale usiku mmoja ili mchezo ujitengenezee folda zake. Ufunge kabisa. Unganisha simu kwenye kompyuta, fika palepale kwenye Saves, ubandike folda lako kando ya lile jipya. Fungua mchezo, utaliona kwenye orodha. Tembea nyumba nzima, shuka chini uhesabu mapipa, kisha lala siku moja nzima uone kama linasevu. Ukiridhika, acha simu ya zamani kama ilivyo kwa wiki kadhaa kabla hujaiuza au kuifuta.

Jambo la matoleo lisikupite. Shamba la toleo la zamani hufunguka kwenye toleo jipya, lakini lililokwisha kusevu kwenye jipya halirudi kwenye la zamani. Toleo la 1.6 lilitoka kwa kompyuta Machi 2024, na kwenye simu likafika tarehe 4 Novemba mwaka huohuo. Katikati hapo watu wengi walijaribu kuleta mashamba ya kompyuta kwenye simu, yakakataa, wakadhani yameharibika. Kwako wewe haina shida, simu mpya imepakua toleo la karibuni. Na tafadhali usichanganye kuapdeti na kufuta: kuapdeti kupitia Play Store hakuligusi shamba.

Sasa hiyo APK ya pesa zisizoisha, kwa sababu hapo ndipo ninapopata hasira.

Kwanza, itakulazimisha ufute. Kila programu ya Android ina saini ya aliyeitengeneza. APK iliyochezewa haina saini ya mwenyewe, kwa hiyo simu haikubali ikae juu ya ile halali, inasema haijasakinishwa. Muuzaji anakwambia, "Ondoa kwanza iliyopo." Unaondoa. Shamba limekwenda, kwa sababu ileile niliyokueleza. Na ikiwa utahamia kwenye APK hiyo na ukajenga upya, siku ukitaka kurudi kwenye mchezo halali utaombwa ufute tena. Apdeti za Play Store hazikufikii, unakwama kwenye toleo ulilopewa.

Pili, wanasema "imefunguliwa". Imefunguliwa nini? Stardew Valley haina matangazo. Haiuzi almasi wala sarafu ndani ya mchezo. Ukishalipa, umelipa. Bei yake ya kawaida kwenye simu ni dola 4.99 za Marekani, na 1.6 nzima ilikuja bila kuongeza senti. Mchezo huu ulitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, kazi ya zaidi ya miaka minne, picha, muziki na maandishi yake mwenyewe, mpaka ulipotoka Februari 2016. Kilichofunguliwa kwenye APK hiyo ni mlango wa kutomlipa, hakuna kingine. Wewe ulimlipa. Usikubali kuhamishwa kutoka kwenye kitu halali ulichokinunua kwenda kwenye kilichoibwa, halafu ukalipie tena kwa muuzaji wa mtaani.

Na pesa zisizoisha zitakupa nini kwenye mchezo huu? Utanunua kila kitu kwenye duka la Pierre, muuza mbegu wa mchezoni, asubuhi moja. Mioyo ya Harvey hainunuliwi kwa hesabu ya benki, inatafutwa kwa kahawa na maongezi ya kila wiki. Vifurushi vya jumba la jamii, yaani orodha za vitu vya kukusanya, vinataka samaki wa mvua na mazao ya msimu wake. Ukiona pesa ni ngumu mwanzoni, weka akiba ununue mbegu za stroberi kwenye sikukuu ya mayai tarehe 13 ya majira ya kuchipua, uzipande jioni ileile. Tengeneza vinyunyizio mapema uache kuamka kumwagilia. Kumbuka duka la Pierre hufungwa Jumatano, nunua mbegu Jumanne. Zinatosha.

Tatu, na hili si la wacheza Stardew peke yao. Simu yako ndiyo benki yako. M-Pesa iko humo, Airtel Money iko humo, ujumbe wa uthibitisho unaingia humo. APK ya mchezo wa kilimo inapoomba ruhusa ya kusoma SMS, ya kuona majina ya watu wako, ya kuchora juu ya programu nyingine, au ya huduma za ufikivu zinazoiwezesha kubonyeza kioo badala yako, haiombi kwa ajili ya kumwagilia mboga. Mchezo halali hauhitaji SMS zako hata moja. Na mtu akikuambia uzime Play Protect, kinga ya Google inayokagua programu, ili APK yake "iingie vizuri", ameshakuonesha anachokificha.

Mtindo huohuo unatumika kwa michezo ambayo hata haijatoka. Barone alitangaza mchezo wake mwingine, Haunted Chocolatier, Oktoba 2021, na hadi ninapoandika haya haujaanza kuuzwa kwenye kifaa chochote. Nimeshaoneshwa simu zilizopakua "Haunted Chocolatier ya Android". Kilichopakuliwa hakikuwa mchezo, ni programu isiyo na picha ya kubonyeza kwenye skrini, iliyojificha ndani ya mipangilio.

Kwa wasomaji ambao tayari wameingiza APK ya namna hiyo: zima data na Wi-Fi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya huduma za ufikivu, uone kama kuna jina usilolijua limewashwa, ulizime. Nenda kwenye wasimamizi wa kifaa (orodha ya programu zilizoruhusiwa kuitawala simu), uliondoe na humo, maana lisipoondolewa hapo programu inaweza kukataa kufutwa. Ifute. Washa Play Protect, iache ikague simu nzima. Kisha kwa simu nyingine, siyo hiyo, badilisha nywila ya akaunti ya Google, na namba ya siri ya pesa ibadilishe laini ikiwa kwenye kifaa unachokiamini. Ukikuta muamala usioujua, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako siku hiyohiyo, usingoje kesho.