Mtoto Anaumwa Tumbo: Uliza Kwanza Kipi Kilianza

Wadogo zangu mnaoripoti kazini Mwanza, maafisa tabibu na madaktari mlio kwenye mafunzo kwa vitendo, ugonjwa wa kidole tumbo (apendiksi, kimrija kidogo kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana) mmeusoma chuoni na sina haja ya kuwarudisha darasani. Nataka kuwaambia jinsi unavyojificha huku kwetu. Mtoto mwenye kidole tumbo kilichovimba ataletwa kwako akiwa ameshapewa jina la ugonjwa mwingine, na mara nyingi mama atakuwa ameshika karatasi ya maabara inayoliunga mkono jina hilo.

Tuanze na hizo karatasi. Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi, na kipimo cha haraka cha aina inayotafuta protini ya kimelea kinaweza kuendelea kuonyesha mstari wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa na kupona. Widali, kipimo cha damu cha taifodi, nayo ni dhaifu sana mahali ambapo watu wengi wameshakutana na vimelea vya taifodi. Mtoto anayeoga na kuchota maji ziwani anaweza kuwa na mayai ya kichocho kwenye choo bila hayo kuwa sababu ya maumivu ya leo. Hata mkojo unadanganya: kidole tumbo kilicholala karibu na kibofu au mrija wa mkojo huvikera, na seli nyeupe zikaonekana kwenye kipimo. Mtoto anaandikiwa dawa ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), anarudishwa nyumbani, na kesho yake usiku kidole kinatoboka. Kila karatasi inaweza kuwa ya kweli na bado isieleze kwa nini tumbo linauma chini kulia. Malaria ikiwepo itibu, lakini tumbo liendelee kuwa swali lililo wazi.

Swali linalonisaidia kuliko kipimo chochote ni hili: kipi kilianza? Kwa kawaida kidole tumbo huanza na maumivu, mara nyingi karibu na kitovu na yasiyoeleweka vizuri. Halafu mtoto anakataa chakula na kutapika. Baadaye maumivu yanahamia chini kulia, na homa inakuja mwishoni, tena mwanzoni si kali. Malaria huanza na homa. Taifodi inayotoboa utumbo kwa kawaida huwa na homa ya siku nyingi, wiki moja au mbili, ndipo tumbo linachachamaa. Kutapika na kuharisha kukitangulia maumivu, fikiria kwanza maambukizi ya tumbo, ingawa kidole kilichoingia kwenye nyonga nacho huleta choo chepesi kidogo kidogo chenye kamasi.

Mpangilio huo haupatikani kwa haraka. Salimia, mwambie mama mwangaluka, salamu ya Kisukuma, mpe nafasi akae. Usimuulize saa, muulize milo. "Mama, jana jioni alikula ugali? Asubuhi alikunywa uji? Alilala usiku au alikuwa anageuka geuka?" Kwa milo utajua maumivu yana saa ngapi vizuri kuliko kumbana akutajie muda. Mtoto mwenyewe muulize kama angeletewa sato wa kukaanga sasa hivi angekula. Anayesema ndiyo kwa moyo wote ananipunguzia wasiwasi, ingawa haniondolei wote. Uliza pia kwa upole kama ameshapewa dawa ya kienyeji ya chango, hasa ya kuharisha. Usimkaripie aliyetoa, kwa kuwa bibi akikaripiwa leo, kesho atakuficha jambo unalolihitaji.

Sasa tumbo. Usiliguse kwanza. Mwangalie mtoto akitembea kuja kwako: ameinama, ameshika upande wa kulia, anaburuta mguu? Mwambie akohoe. Mwambie aruke kwa mguu wa kulia. Anayeruka huku anacheka ni vigumu awe na utando wa tumbo uliowaka. Anayekataa, au anayeruka mara moja akakunja uso, ameshakujibu. Halafu pasha mikono joto, anza chini kushoto, mbali na penye maumivu, na macho yako yawe usoni kwake, yasiwe kwenye vidole vyako. Mdogo mpime akiwa mapajani kwa mama, na kama anaogopa, weka mkono wake mwenyewe chini ya wako. Ile desturi ya kubonyeza kwa kina kisha kuachia ghafla iacheni kwa watoto. Inaumiza, inavunja imani, na kugonga taratibu kwa kidole kunakupa jibu lile lile.

Sehemu aliyoieleza Charles McBurney mwaka 1889, theluthi moja ya njia kutoka mfupa wa nyonga wa kulia kwenda kitovuni, bado ndipo pa kuanza kutilia shaka. Ila kidole kilichojificha nyuma ya utumbo mpana kinaweza kuacha tumbo laini mbele huku maumivu yakiwa ubavuni au mgongoni. Msikome hapo. Sikilizeni kifua, maana nimonia ya chini kulia huleta maumivu ya tumbo. Mvulana mvueni nguo: korodani iliyojisokota ina saa chache tu za kuokolewa, na mtoto anaona aibu kuitaja. Msichana aliyevunja ungo apimwe ujauzito, na aulizwe faraghani.

Mtoto mwenye seli mundu anahitaji neno lake, kwa sababu Kanda hii ina wengi. Maumivu ya tumbo kwake huandikwa shambulio la seli mundu kabla hajalala kitandani. Muulize yeye au mama: haya yanafanana na ya siku zote? Hawa watoto wanayajua maumivu yao kuliko sisi. Akikwambia haya ni mapya, na yamekaa mahali pamoja, mwamini na umwite daktari wa upasuaji.

Walio chini ya miaka mitano ndio wanaonitia hofu kuliko wote. Hawaelezi maumivu yamehamia wapi. Wanalia, wanatapika, wana homa, tumbo limejaa, hawataki kusimama. Ukuta wa kidole chao ni mwembamba, na ule utando wa mafuta unaofunika uchafu kwa mtu mzima kwao bado ni mdogo, kwa hiyo usaha husambaa haraka. Wengi wa umri huu hufika kikiwa kimeshatoboka. Na hapa kuna mtego: kikitoboka, maumivu yanaweza kupungua kwa muda. Mama anafurahi, muuguzi anaandika "ana nafuu", halafu saa chache baadaye tumbo zima linakuwa gumu na mapigo yanakwenda mbio. Nafuu ya ghafla kwa mtoto ambaye bado anakataa chakula na mapigo yake hayashuki msiisherehekee.

Kuna alama za kuhesabu, zile alizochapisha Madan Samuel mwaka 2002 mahsusi kwa watoto, jumla 10. Maumivu ya chini kulia anapokohoa, kuruka au kugongwa ni 2, kuuma ukibonyeza chini kulia 2, na moja moja kwa kuhama kwa maumivu, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu au kutapika, homa, seli nyeupe za damu zaidi ya 10,000 na ongezeko la nyutrofili, aina mojawapo ya seli hizo. Akiwa na 7 au zaidi, daktari wa upasuaji ajulishwe. Chini ya 4, uwezekano ni mdogo. Walio katikati ndio kazi yetu hasa, na dawa yao ni kuwapima tena. Mkono ule ule, baada ya saa nne hadi sita, na uandike ulichokikuta na saa uliyopima. Kidole tumbo huendelea mbele, lakini maambukizi mengi ya tumbo hutulia. Ultrasaundi inasaidia sana ikionyesha kidole chenye kipenyo kinachozidi milimita 6 kisichobonyea. Ikisema kidole hakikuonekana, maana yake hakikuonekana tu, wala haijamsafisha mtoto.

Wakati wa kusubiri mpeni dawa ya maumivu. Bado nasikia wakubwa wakizuia eti itaficha dalili. Tafiti zilizofanywa kwa watoto hazikuonyesha kwamba dawa ya maumivu, hata mofini, inaharibu utambuzi, na mtoto aliyetulia anapimika vizuri zaidi.

La mwisho ni maji haya yanayotuzunguka. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mgonjwa wa Sengerema hasubiri tena kivuko ili afike hospitali za Sekou Toure au Bugando jijini Mwanza. Ukerewe bado ni meli, saa tatu au zaidi kutoka bandari yake ya Nansio, na mtoto wa kisiwa cha Ukara ana maji mengine ya kuvuka kabla ya hapo. Kwa hiyo uamuzi wako uendane na anakolala mtoto. Mwenye alama za katikati anayeishi Nyamagana, hapa hapa mjini, tumbo laini, mama mwelewa, unaweza kumwambia amrudishe kesho asubuhi, au usiku huu huu akianza kutapika tena au kukataa kutembea. Wa kisiwani mlaze. Na ukishaona tumbo limekuwa gumu, usipoteze muda kubishana kama ni taifodi iliyotoboa au kidole, wote wawili wanakwenda kwa daktari wa upasuaji: asile kitu, dripu, antibayotiki za sindano, dawa ya maumivu, piga simu wanakompokea kabla meli haijang'oa nanga. Kwenye barua ya rufaa andika uzito wake, dawa zote alizopewa pamoja na za kienyeji, na saa maumivu yalipoanza.