Jirani anayewasha mshumaa hajakata tamaa

Dada, umeuliza umsaidieje jirani yako Mmeksiko hapo Chicago: mwanawe wa miaka 4 haongei, na kila ukimtajia shule anajibu "Mungu akipenda". Unaona kakata tamaa. Mimi sioni hivyo. Sisi wenyewe hatupangi hata safari ya sokoni bila neno hilo, na alfajiri tunaamka kutafuta riziki.

Umesema ana mshumaa wa Bikira Maria wa Guadalupe, ule wa glasi ndefu, na chini yake kaweka karatasi za kliniki. Aliyekata tamaa angezitupa. Kwa akina mama wengi kama yeye, sala ndiyo inayowapa ujasiri wa kubisha hodi ofisini. Usimshindanishe Mungu na wataalamu, utampoteza. Muulize kwanza anaomba nini, na ameshajaribu nini.

Kisha mpe taarifa, maana hapo ndipo wengi hukwama. Sheria ya Marekani inampa mtoto mwenye ulemavu huduma za shule ya umma bure tangu miaka 3. Aiandikie shule barua kuomba mtoto apimwe. Shule ikimwita kikaoni kuhusu mtoto, ana haki ya mkalimani bila kulipa, na huduma hizo hazianzi bila sahihi yake. Akihofia vibali vya kuishi Marekani, uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1982 unalinda watoto wasio navyo wasifukuzwe shuleni.

Barua aandike yeye, wewe msindikize tu. Akitaka padri wake aisome kwanza, mwache.