Njegere zinakatwa usiku, zinadonolewa mchana

SWALI: Nimepanda njegere nyuma ya nyumba. Ndege wanadonoa miche, na asubuhi nakuta mingine imelala chini, shina limekatwa. Nifanyeje?
Msomaji, Kabale

JIBU: Pole sana, ndugu. Una wezi wawili. Shina lililokatwa usawa wa udongo ni kazi ya sota, kiwavi wa udongoni, si ndege. Fukua kwa kidole, sentimita 3 hivi, kuzunguka mche ulioanguka: utamkuta kiwavi wa kijivu amejikunja kama pete. Muue, kisha zungushia kila mche uliobaki karatasi ngumu iliyozama sentimita 2 ardhini.

Kwa ndege, hasa kuzumburu, tumia wavu wenye matundu yasiyozidi sentimita 2. Uinue kwa fito. Wavu ukilalia majani, ndege watadonoa kupitia matundu. Kingo zibane kwa mawe, maana huingilia chini. Ukague kila siku, ndege akinaswa umtoe. Sanamu la kutishia huzoeleka upesi, usilitegemee.

Zikianza kutoa maua, angalia ncha changa: vidukari vya kijani hujazana hapo. Nyunyizia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji, jioni tu. Mchana wa jua kali, sabuni huunguza majani.